Salio la Mia Nane

Mashimba, karani wa dagaa pale mwaloni Kirumba,
kaileta kompyuta kwenye kanga, kama mgonjwa,
na mfukoni, ndani ya bahasha ya risiti,
memori moja mpya, meno yake ya dhahabu.
"Elfu tatu na mia mbili," ananiambia kabla ya salamu.
Mpwa wake kaituma na basi kutoka Kariakoo.
Anataka hesabu zake zikimbie.

Nafungua mfuniko. Harufu inatangulia:
dagaa, vumbi la miaka sita,
na gamba moja la sangara limenata kwenye feni,
sijui lilipandaje huko.
Napuliza. Napiga brashi.
Memori ya zamani naisugua meno kwa ufutio wa penseli,
taratibu, upande mmoja, kisha mwingine.
Halafu nainamisha taa nisome
maandishi madogo ya ubao mama, karibu na betri,
nayatafuta kwenye simu, nayasoma tena.

"Mzee, itaingia. Pengo limekaa mahali pake,
kizazi ni kilekile, cha nne, volti zinakubaliana.
Ila ubao huu mwisho wake elfu mbili na mia nne.
Ukiupa zaidi hauungui, haununi.
Unakwenda mwendo wake tu,
na hii mpya itaufuata."

Kanyamaza.
Huyu ni mtu aliyewahi kukesha
akitafuta shilingi arobaini zilizopotea
kati ya gunia la Ukara na gunia la Goziba.
"Sasa zile mia nane zinakwenda wapi?"
"Haziendi popote."
"Nimezilipia."
"Umezilipia."
"Basi zipo."

Ilinijia haraka haraka haina baraka,
nikaimeza. Ile ni methali, hii ni chipu.
Ningeweza kumuuzia ubao mwingine,
ninao pale juu ya kabati, na kodi ya fremu inaiva Ijumaa.
Macho yangu yalikwenda kabatini. Yakarudi.

Nikakumbuka mlima wa Bugando.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na miguu
iliyotoka Igogo hadi Nyegezi bila kuomba maji.
Mayu alikuwa na kadi ya kliniki na magoti yale.
Kila jiwe lenye kivuli alilisalimia kwa kulikalia.
Tulipanda saa nzima mahali ambapo peke yangu
ningepanda kwa dakika kumi,
na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu,
mkavu, una harufu ya sabuni ya kipande.
Hakuna aliyeniuliza
kasi yangu iliyobaki niliiweka wapi.

Haya yote sikumwambia Mashimba.
Nilibonyeza kidole gumba huku, kidole gumba kule,
tak,
tak,
memori mbili bega kwa bega, ya zamani na mpya.
Nikawasha.

Giza.
Feni ikazunguka, ikakata, ikazunguka tena.
Mashimba akaikunja kanga mara nne, akaikunjua.
"Subiri," nikasema, "wanaulizana majina."
Giza.
Nje, muuza karanga alipita na kibati chake,
mtaa mzima wa Rwagasore ukamsikia yeye tu.

Kisha mwanga.
Gigabaiti kumi na mbili.
Chini yake, kwa herufi ndogo nyeupe: 2400.

Leja ya dagaa ilifunguka kabla hajavaa miwani.
Akapekua Machi, akapekua Aprili, akacheka peke yake
kama mtu aliyekuta mlango anaousukuma kila siku
umetiwa mafuta.
Akanilipa ya ufundi, noti zimenyooka, zinanuka ziwa.

Halafu akatoa daftari lake,
lile la karatasi, analoliamini,
akalamba ncha ya kalamu, akaandika akinisomea:
"Zimepokelewa elfu tatu na mia mbili.
Zimetumika elfu mbili na mia nne.
Salio, mia nane."
Akafikiri.
Akaongeza neno moja, akalipigia mstari:
"Zipo."